Chupa ina mwenyewe, maganda hayana

Kipande cha chuma hakilali mtaroni Kibera. Kikianguka asubuhi, kufikia jioni kimeshaokotwa, kimepimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu na kuondoka na mkokoteni. Shaba ndiyo kabisa. Hiyo hutafutwa hata mahali ambapo haijatupwa. Chupa ngumu za plastiki, mitungi ya mafuta ya kupikia, maboksi, hata mifupa ya ng'ombe ambayo mafundi wa mtaa huo huichonga wakapata shanga na vipuli, vyote vina wanunuzi wanaojulikana na watu wanaorauka alfajiri kuvitafuta. Kinachobaki kwenye mitaro ya Gatwekera, Lindi na Silanga, na kwenye majaa ya kando ya barabara Kawangware, ni kile kisicho na mnunuzi: maganda ya viazi na ndizi, mashina ya sukuma wiki, magunzi, ugali uliochacha, pamoja na nepi za kutupa na plastiki laini zilizochafuliwa na uozo huo huo. Tafiti za taka za Nairobi, zikiwamo zile ambazo shirika la Japani la JICA liliufanyia mji huu mwaka 1998 na tena 2010, zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya taka zetu ni vitu vinavyooza. Plastiki, pamoja na kelele zote zinazoifuata, haifiki robo.

Hata hivyo, ukisoma historia ya sera zetu za taka utadhani plastiki ndiyo taka pekee tuliyo nayo. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo. Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zikafuata katika mbuga na misitu inayolindwa. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo miongoni mwa mengine inawataka watengenezaji wa bidhaa wagharimie taka zinazotokana na bidhaa hizo, na kanuni za kuutekeleza wajibu huo zikachapishwa 2024. Zote hizi ni hatua njema. Marufuku ya 2017 iliondoa barabarani uchafu ambao wengi tulikuwa tumeshauzoea. Lakini wajibu wa mtengenezaji unafuata kampuni inayotengeneza chupa, betri au simu. Ganda la ndizi halina kampuni. Mkulima wa Limuru aliyelima kabichi hawezi kutozwa ada ya majani ya nje yanayobanduliwa sokoni, na hapaswi kutozwa. Kwa hiyo fedha mpya zinazoingia katika shughuli ya taka zitaelekea kule ambako tayari kuna wanunuzi, na zile taka zinazooza zitabaki yatima kama zilivyokuwa. Hapo ndipo fedha za umma zinapohitajika. Serikali ya Kaunti ya Nairobi inapaswa kununua huduma ya kukusanya na kuozesha maganda, kwa kulipa kwa uzito, na iwaachie vijana na soko la plastiki kazi ambayo wanaifanya bila kuombwa.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima tuifuate taka hadi kwenye mfuko wa anayeikusanya. Kibera na Kawangware, kazi kubwa ya kukusanya taka za nyumbani hufanywa na vikundi vya vijana. Kikundi hugawa magunia, hupita kila wiki na kutoza nyumba kiasi kidogo, wakati mwingine kupitia kwa mwenye nyumba au msimamizi wa ploti. Ada hiyo hailipwi na kila mtu, na mwezi ukiwa mgumu ndiyo ya kwanza kuachwa. Faida ya kikundi hutoka kwenye kile kinachochambuliwa ndani ya gunia: chupa, mitungi, makopo, karatasi. Maganda, ambayo ndiyo sehemu kubwa na nzito zaidi ya gunia kwa sababu yamejaa maji, hayaleti shilingi hata moja. Badala yake yanagharimu mkokoteni, jasho na ada ya mahali pa kuyamwaga. Kijana anayefanya hesabu vizuri atachukua chupa, kisha atatafuta mahali pa karibu pa kumwaga kinachobaki. Mahali hapo ni mtaro, kando ya reli, au bonde linaloteremka hadi Bwawa la Nairobi, ambalo kwa miaka mingi limefunikwa na magugu-maji yanayonenepeshwa na uchafu huo. Tukimlaumu kijana huyo kwa kukosa maadili, tutakuwa tumekataa kuiona hesabu iliyo mbele yetu.

Njia iliyo rasmi nayo ni jaa la Dandora. Kutoka Kawangware hadi Dandora ni kuukata mji wote kutoka magharibi hadi mashariki, zaidi ya kilomita 15 za msongamano, gari likiwa limebeba kwa sehemu kubwa maji yaliyomo ndani ya maganda. Jaa hilo lilifunguliwa katika miaka ya 1970 na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, lakini bado linapokea. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2007 ulikuta madini ya risasi kwa viwango vya kutisha katika damu ya watoto wanaosoma jirani na jaa hilo. Na tusijidanganye kwamba hatari ni ya moshi na harufu tu. Machi 2017 jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Agosti 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala, ambako zaidi ya watu 30 walifukiwa na taka za jiji lao. Milima hiyo ya taka huwa laini kwa sababu ndani yake mna vitu vinavyooza, vinavyotoa gesi na kulowa mvua ikinyesha. Jaa linalopokea chupa na matofali pekee lina kasoro zake, lakini halivimbi wala halitelezi namna hiyo. Kila tani ya maganda inayobaki magharibi mwa Nairobi ni tani ambayo haikupanda Dandora.

Sheria ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, zinazooza kando na zisizooza kando. Aprili 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa notisi kwamba zile zinazooza ziwekwe katika mifuko inayooza pia. Hapa wakosoaji hucheka, na wana haki. Chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda, jiko, ndoo za maji na watoto wanne, kitawekwa mapipa mangapi? Na nani atanunua mfuko maalumu wa kutupia taka ilhali unga wenyewe hununuliwa kwa kupimiwa? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na kampeni za kuhamasisha, zenye mabango na fulana za rangi, haziwezi kulijibu.

Linajibiwa na jinsi watu wa mitaa hii wanavyokula. Katika nyumba nyingi za Kibera na Kawangware, kazi ya jikoni imehamia barabarani. Sukuma wiki hununuliwa ikiwa imeshakatwakatwa na mama mboga, maharagwe na githeri vikiwa vimeshachemshwa, viazi vikiwa chipsi, samaki akiwa amekaangwa. Mafuta ya taa, makaa na gesi ni ghali, na muda wa mtu anayetembea kwa miguu hadi Eneo la Viwanda na kurudi ni mchache. Matokeo yake ni kwamba mashina, maganda na majani mabovu hayafiki nyumbani kwa wingi tunaoufikiria. Hubaki kibandani, yakiwa yamerundikana mahali pamoja, safi, bila nepi wala vioo ndani yake. Mama mboga ameshatenganisha taka kabla serikali haijamwambia. Soko la Toi, soko la Kawangware, vibanda vya Makina na vile vya vituo vya 46 na 56 huko Kawangware ndivyo vinavyopaswa kuwa mwanzo wa mpango wowote wa kukusanya taka zinazooza, na nyumba zifuate baadaye, ploti kwa ploti, kwa ndoo moja yenye mfuniko inayowekwa uani na si chumbani. Wataalamu wengi huanza na nyumba kwa sababu katika nchi ambazo mipango hii ilibuniwa, jiko liko nyumbani. Hapa jiko liko barabarani, na mpango unapaswa kulifuata huko.

Wengine watauliza: hayo maganda yataozeshwa wapi, katika mtaa ambao mabati yanagusana? Swali hili huulizwa kana kwamba Kibera iko kisiwani. Upande mmoja imepakana na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi. Hapo karibu pana Jamhuri Park, uwanja wa chama cha kilimo ambako kila mwaka hufanyika maonyesho ya kimataifa ya biashara na wakulima hufundishwa uzuri wa mbolea. Kawangware imepakana na Lavington, na si mbali na Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Ardhi haikosekani, kinachokosekana ni mtu wa kuiombea kazi hii. Dhaka, mji wenye msongamano mkubwa kuliko wetu, shirika la Waste Concern lilianza kuozesha taka za mitaa mwaka 1995 katika kiwanja kilichoazimwa na klabu ya Lions eneo la Mirpur. Sijawahi kusikia klabu za Nairobi zikiombwa jambo kama hilo kwa uzito, na pengine jibu lao lingetushangaza.

Tena ujirani huu una faida ambayo haizungumzwi. Maganda na mabaki ya chakula peke yake huoza vibaya: yana maji mengi na naitrojeni nyingi, hukosa hewa, hutoa harufu na kuvutia nzi. Ili yawe mboji yanahitaji kuchanganywa na vitu vikavu vyenye kaboni nyingi, kama majani makavu, matawi yaliyosagwa na mabua, kiasi kwamba kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Vitu hivyo ndivyo hasa vinavyotoka Lavington, Kileleshwa na katika viwanja vya gofu kila wiki: majani yaliyofagiwa, matawi ya jakaranda, vipande vya ua uliopunguzwa. Leo taka hizo za bustani hutiwa kwenye magari ya kampuni za kuzoa taka na kupelekwa kule kule Dandora, au huchomwa nyuma ya ukuta wa mawe. Mtaa wenye bustani una kaboni isiyo na kazi. Mtaa wenye vibanda una naitrojeni isiyo na kazi. Na kati yao pana barabara moja tu. Kaunti ikitoza taka za bustani ada kubwa zaidi zinapokwenda Dandora na ikazipokea bure kwenye kituo cha mboji cha magharibi, kampuni za kuzoa taka zitageuza usukani zenyewe.

Kwamba inawezekana kuzigeuza taka za mitaa ya kipato cha chini kuwa mboji si ndoto. Kampuni ya TakaTaka Solutions, iliyoanza mwaka 2011, imekuwa ikichambua taka kwa mkono na kutengeneza mboji. Mukuru, kampuni ya Sanergy ilijenga biashara nzima juu ya kinyesi na mabaki ya chakula, ikiyalisha mabuu ya nzi aina ya askari mweusi ili kupata chakula cha mifugo na mbolea. Shirika la viwango, KEBS, lilishapitisha kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo mwaka 2017. Kibera yenyewe, vyoo vya Umande Trust kama kile cha Gatwekera vimekuwa vikitoa gesi ya kupikia. Hata Jiko la Jamii la Laini Saba, lile tanuri lililobuniwa na wasanifu majengo ili wakazi wapikie kwa moto wa taka, lina somo lake, ingawa silo lililokusudiwa: moto unahitaji taka kavu, na taka zetu si kavu. Mitambo ya kuchoma taka ambayo wanasiasa wetu huiahidi kila baada ya uchaguzi itakutana na ukweli huo huo kwa gharama kubwa zaidi.

Kuna wanaosema mboji haina soko. Ni kweli kwamba gunia la mboji haliwezi kushindana na gunia la mbolea ya DAP kwa virutubisho, na kulisafirisha hadi Trans Nzoia ni kutafuta hasara. Lakini hakuna sababu ya kulipeleka huko. Barabara ya Ngong imejaa wauza miche na maua wanaonunua udongo na samadi kila siku. Kikuyu na Wangige, ambako sehemu ya mboga za Kawangware hulimwa, ni safari fupi kuliko Dandora, na magari yanayoleta mboga hurudi mengi yakiwa matupu. Kibera kwenyewe kuna watu wanaopanda sukuma wiki kwenye magunia ya udongo. Zaidi ya hayo, serikali ya kitaifa imekuwa ikitoa ruzuku ili mkulima apate mbolea kwa shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, na 2024 ikagundulika kwamba baadhi ya kilichouzwa chini ya mpango huo hakikuwa mbolea. Nchi iliyokubali kugharimia virutubisho kutoka ng'ambo haiwezi kusema ni anasa kugharimia vile vinavyomwagwa mtoni Kibera. Hata mboji ikiuzwa kwa bei ya kutupa, bado kaunti itakuwa imeokoa mafuta, matairi na nafasi Dandora. Mauzo ya mboji yahesabiwe kuwa nyongeza, kwa sababu huduma yenyewe ni kuondoa uozo mtaani, na huduma hiyo hulipiwa kama taa za barabarani zinavyolipiwa.

Pingamizi la wizi nalichukulia kwa uzito zaidi. Ukilipa kwa kilo, mtu atatia matope. Ukimpa diwani orodha ya vikundi, orodha itajaa jamaa zake. Wenye magari ya kuzoa taka kwa kandarasi, ambao hupata fedha kwa kupeleka taka Dandora, hawatafurahia kuona safari zinapungua, na watu wa namna hiyo hawakosi njia za kulinda ulaji wao. Dawa ya matope ni rahisi kiasi: anayepokea mzigo awe ndiye atakayeuza mboji, na awe na haki ya kuukataa mzigo mchafu, maana vioo na mchanga vitamharibia bidhaa yake mwenyewe. Dawa ya diwani ni ngumu, na inapunguzwa tu na mizani iliyo wazi, malipo kwa simu moja kwa moja kwa kikundi, na hesabu za kila wiki zinazobandikwa sokoni, ambazo mama mboga anaweza kuzisoma. Pune, India, manispaa ilifanya mapatano na ushirika wa waokota taka uitwao SWaCH, unaomilikiwa na waokotaji wenyewe, na ushirika huo umedumu kwa miaka mingi katikati ya siasa ambazo si safi kuliko zetu. Wasiwasi kwamba waokota chupa wa Kibera watapoteza riziki nao unatoweka ukiuangalia vizuri: chupa isiyopakwa ugali uliooza hupata bei nzuri kuliko iliyopakwa.

Fedha zitoke wapi? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzoa taka, kwa hiyo huu si msaada wa wafadhili. Na fedha zinatumika tayari, ila zinatumika mwishoni. Chini ya mpango wa ClimateWorx ulioanza 2024, maelfu ya vijana wanalipwa kwa siku kuondoa taka kwenye mito ya Nairobi, ukiwamo Mto Ngong unaobeba uchafu wa Kibera. Ni kazi halali na ya lazima, lakini tunamlipa kijana kutoa mtoni maganda ambayo tungeweza kumlipa, pengine kwa fedha kidogo zaidi, asiyamwage humo. Wala magari hayajakosekana. Februari 2025, katika mvutano wa madeni, taka zilimwagwa kutoka kwenye malori ya kaunti mlangoni pa ofisi za kampuni ya umeme ya Kenya Power, Stima Plaza. Ilidhihirika siku hiyo kwamba gari la taka la Nairobi likitaka kufika mahali, hufika. Barabara mpya iliyopasuliwa katikati ya Kibera baada ya nyumba kubomolewa Julai 2018 iliacha machungu mengi, na kwa kuwa iko, angalau ipitishe gari la maganda kila asubuhi.

Sitadai kwamba hili litamaliza uchafu. Nepi za kutupa zitabaki tatizo, na kwa hizo wajibu wa mtengenezaji unapaswa kukazwa bila huruma. Plastiki laini itabaki. Nyumba zilizo ndani kabisa ya Mashimoni, ambako hata mkokoteni haupiti, zitachelewa kufikiwa. Lakini ukiondoa kinachooza, gunia linalobaki huwa jepesi, kavu na lenye thamani, na kikundi kinaweza kulichukua bila kumtoza mwenye nyumba sana. Kaunti inaweza kuanza na mkataba wa mwaka mmoja katika bajeti ijayo: masoko mawili, Toi na Kawangware, kituo kimoja cha mboji upande wa Jamhuri au Kabete, na bei moja kwa kilo iliyotangazwa hadharani. Upande wa pili wa mizani uwe Dandora kwenyewe, ambako magari kutoka Kibera na Kawangware yatapimwa mwanzo wa mwaka na mwisho wake, na tofauti ya tani ndiyo itakayoamua kama mkataba unaongezwa au unavunjwa.